Ugonjwa wa Makutano

Umeme wa gari husafiri katika njia ambayo nusu yake haionekani. Ukitoka kwenye betri hupita katika nyaya, fyuzi, swichi na rilei hadi kwenye taa, stata au pampu ya mafuta. Wakati wa kurudi hupita katika chuma cha injini na bodi yenyewe, ndiyo eathi, hadi kwenye kichwa hasi cha betri. Waya wa shaba uliovikwa plastiki, usipochunwa wala kuungua, huweza kudumu kuliko gari lenyewe. Kinachochoka ni pale waya unapoishia na kitu kingine kuanza: teminali ya betri, bolti ya eathi, soketi ya taa, pini za sensa, ncha mbili zilizofichwa ndani ya swichi. Gari dogo la siku hizi lina mamia ya makutano ya namna hiyo, na kila moja ni mahali ambapo vipande viwili vya metali vimetakiwa viwe kama kimoja.

Ndiyo maana kifaa cha umeme cha gari mara nyingi hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Taa imefifia, ikasemwa balbu ni ya bandia. Stata imegoma, ikafunguliwa. Betri imeshindwa kuwasha injini asubuhi, ikanunuliwa nyingine. Baada ya wiki mbili nayo ikagoma. Kifaa kilikuwa kizima. Umeme ndio haukukifikia, au ulikifikia ukiwa umepungua njiani. Kusafisha makutano ni kazi ndogo kwa jina, nayo huanza kwa kuelewa jinsi vitu viwili vinavyoweza kugusana bila kuungana.

Kwa macho, kichwa cha betri na teminali iliyokikumbatia vimegusana pande zote. Kwa hakika sivyo. Uso wa metali, hata uliosuguliwa ukang'aa, ni vilima na mabonde madogo yasiyoonekana, na nyuso mbili zikikutana hugusana kwenye vilele tu. Mwanafizikia wa Sweden, Ragnar Holm, aliyefanya kazi katika maabara za Siemens mjini Berlin, ndiye aliyelifanya jambo hili kuwa elimu kamili, na kitabu chake cha Kijerumani kuhusu migusano ya umeme kilitoka mwaka 1941. Alionyesha kwamba mkondo wote hujikamua kupita katika vidoa vichache vya mgusano wa kweli, ambavyo eneo lake ni sehemu ndogo sana ya eneo linaloonekana. Nguvu ya kubana ikiongezeka, vilele hubonyea, vidoa huongezeka na kupanuka, na njia ya umeme hupanuka nayo. Kwa hiyo mgusano mzuri hutaka mambo mawili kwa pamoja: usafi na mbano. Teminali safi iliyolegea haifai, na teminali iliyokazwa juu ya uchafu haifai vilevile.

Uchafu huo una sura nyingi, na fundi mzoefu huusoma kwa rangi. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri ni salfeti ya risasi, inayozaliwa pale mvuke wa asidi unapopenya pembeni mwa kichwa na kuikuta risasi. Ukiwa na rangi ya samawati au kijani, asidi imekwisha kuifikia shaba ya waya au brasi ya teminali. Kijani kilichokauka ndani ya soketi iliyo mbali na betri ni kazi ya maji na chumvi juu ya shaba. Wekundu wa kahawia kwenye bolti ya eathi ni kutu ya chuma. Halafu kuna unga mweusi, mwembamba kama masizi, unaopatikana kwenye pini zilizopakwa madini ya bati. Huo hautokani na maji. Gari linapotikisika, pini dume husogea ndani ya pini jike kwa umbali mdogo sana, mbele na nyuma, maelfu ya mara. Kila msogeo hukwangua bati kidogo. Chembe zilizokwanguliwa hukutana na hewa zikawa oksidi. Oksidi hujikusanya palepale penye mgusano hadi ikautenga.

Unga huu mweusi ndio siri ya tiba moja maarufu ya gereji: kuchomoa soketi na kuichomeka tena. Hitilafu hutoweka, na mwenye gari huondoka akiamini kwamba hakukuwa na kitu. Kilichotokea ni kwamba pini dume, katika kutoka na kuingia, imeukwangua uchafu ikapata metali mpya. Mtikisiko haukuondoka, na kama mbano wa pini jike umelegea, oksidi itarudi mahali pake.

Tiba nyingine ya aina hiyo ni kuigonga teminali ya betri kwa spana. Injini inawaka, kwa sababu pigo limevunja ngozi ya salfeti na kufungua vidoa vichache vya mgusano. Pigo hilohilo huweza kutia ufa pale kichwa cha risasi kinapoingia kwenye kasha la plastiki, na ufa huo ndio mlango wa mvuke wa asidi. Tiba imeulisha ugonjwa.

Chumvi inastahili nafasi yake peke yake. Mwaka 1800 Alessandro Volta alipanga sahani za metali mbili tofauti, akatia kati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, akapata betri ya kwanza. Soketi iliyoingiwa na maji ya chumvi hufanya jambo hilohilo bila kuombwa: bati na shaba, zinki na chuma, zikilowa pamoja huwa betri ndogo ambayo haiwashi kitu, ila moja ya metali zake huliwa. Palipo na umeme wa gari wenyewe mambo huharakika. Maji yakikaa kati ya pini mbili, moja ikiwa na volti 12 na nyingine ikiwa eathi, pini chanya huyeyuka kidogokidogo hadi ikabaki kisiki. Fundi akifungua soketi ya taa ya nyuma akakuta pini moja nzima na jirani yake imeoza, hana haja ya kujiuliza ipi ilikuwa na moto wakati wote.

Katika pwani ya Afrika Mashariki chumvi haisubiri gari lipite majini. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani na kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75, na Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam hupita kiwango hicho usiku mwingi wa mwaka, iwe kaskazi au kusi. Vumbi la chumvi lililotua kwenye soketi mchana huamka likiwa majimaji usiku. Magari yanayovuka kila siku kwa kivuko cha Likoni au cha Kigamboni huongezewa rasharasha za bahari. Mvua za masika nazo hufurikisha mabonde kama Jangwani, na gari lililozama hadi sakafuni hutoka na tope ndani ya soketi ambazo hazikuundwa kuzuia maji, kwa kuwa zilikusudiwa kukaa ndani ya gari. Magari mengine hufika na ugonjwa wake kutoka mbali: gari lililotumika kaskazini ya Japani, Hokkaido kwa mfano, limepita majira ya baridi juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Bara kuna vumbi jekundu na barabara zenye makorongo, na huko unga mweusi wa mtikisiko huonekana zaidi kuliko kijani cha chumvi.

Kwa nini uchafu kidogo uzime kifaa kimoja na kukiacha kingine? Jibu limo katika kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827: volti inayopotea mahali fulani ni mkondo unaopita hapo ukizidishwa kwa ukinzani wa hapo. Tuseme teminali ya betri imepata ukinzani wa omu 0.01, kiasi kidogo ambacho mita za kawaida za gereji haziwezi hata kukionyesha sawasawa. Taa moja ya mbele huvuta karibu ampea 5; hapo hupotea volti 0.05, na jicho halioni tofauti. Stata ya gari dogo huweza kuvuta ampea 200 inapoanza kuzungusha injini. Hapo hupotea volti 2 nzima, katika wakati ambao betri yenyewe imekwisha kulemewa na kushuka chini ya 12. Stata inalia tik, kisha kimya. Mwenye gari anaona taa zinawaka, anasema betri ni nzima, kwa hiyo stata ndiyo mbovu. Hoja yake imenyooka, ila imeruka kiungo kimoja.

Taa nazo zina hesabu yake. Mwanga wa balbu ya waya hushuka upesi kuliko volti: ikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Volti zilizopotea haziendi bure, hugeuka joto palepale zilipopotelea. Mkondo wa ampea 10 unaopita katika soketi yenye ukinzani wa omu 0.1 huzalisha wati 10 za joto ndani ya kipande cha plastiki chenye ukubwa wa kidole gumba. Plastiki hugeuka kahawia, kisha huyeyuka. Joto huilegeza pini jike, mbano hupungua, ukinzani hupanda, joto huzidi. Balbu mpya yenye wati nyingi zaidi, inayonunuliwa kuondoa ufifi huo, huongeza mkondo na kumalizia soketi.

Upande wa pili ziko sensa, ambazo mkondo wake ni mdogo mno. Sensa ya oksijeni ya kawaida kwenye bomba la moshi huzungumza na kompyuta ya injini kwa volti kati ya takriban 0.1 na 0.9. Ngozi nyembamba ya oksidi ambayo volti 12 zingeitoboa huweza kuzuia kabisa ishara dhaifu kama hiyo. Kompyuta hupokea habari za uongo au haipokei kitu, huwasha taa ya injini kwenye dashibodi, na mashine ya kusomea hitilafu hutaja jina la sensa. Kwa kweli mashine imetaja mtaa tu, wala haikutaja nyumba: hitilafu ipo kwenye saketi ya sensa hiyo, na soketi ni sehemu ya saketi.

Kabla ya kusafisha, basi, hupimwa. Kipimo kinachofaa ni volti inayopotea wakati kifaa kinafanya kazi. Ncha moja ya mita hugusa kichwa chenyewe cha betri, katikati ya risasi. Ncha ya pili hugusa teminali iliyokikumbatia. Mtu mwingine hupiga stata. Mgusano ukiwa mzima mita husoma karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti au zaidi, mgonjwa amepatikana bila kufungua bolti hata moja. Upande wa eathi hupimwa kati ya kichwa hasi na chuma cha injini kwa njia hiyohiyo, na hapo kinachozidi sana volti 0.2 wakati wa kupiga stata hutia shaka. Kupima kwa omu huku umeme umezimwa hudanganya: waya uliokatika nyuzi zote isipokuwa moja husoma vizuri, kwa sababu mkondo wa mita ni mdogo kiasi kwamba uzi mmoja unautosha.

Eathi hutoa dalili ambazo humchanganya asiyezijua. Kwenye taa za nyuma za daladala au matatu, balbu za breki, za indiketa na za usiku hushiriki bolti moja ya eathi. Bolti hiyo ikishika kutu, umeme wa breki hukosa njia ya kurudi, hutafuta nyingine kupitia waya wa balbu jirani, na matokeo yake dereva akikanyaga breki indiketa hung'aa kwa ufifi, au taa zote hucheza kwa zamu. Watu hufikiri nyaya zimechanganyika. Nyaya ziko vilevile zilivyotoka kiwandani. Kilichokosekana ni eneo dogo la chuma kitupu chini ya kichwa cha bolti.

Kazi ya betri huanza kwa kuzima gari, kutoa funguo na kulegeza teminali hasi kwanza, kwa kawaida kwa spana namba 10 katika magari ya Kijapani. Mpangilio huu una sababu yake. Bodi nzima ya gari ni upande hasi. Spana ikiwa kwenye teminali chanya na ikagusa bodi huku hasi bado imefungwa, mkondo mkubwa hupita kwenye spana na cheche huruka. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni huanza kuweza kuwaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Hasi ikishatoka, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea. Wakati wa kurudisha, hasi hufungwa mwisho. Teminali iliyoganda huzungushwa polepole kwa mkono au hutolewa kwa kifaa chake cha kuing'olea; kuibenua kwa bisibisi huvunja kichwa.

Unga wa asidi huoshwa kwa bikaboneti ya soda iliyokorogwa katika maji ya uvuguvugu, vifuniko vya seli vikiwa vimefungwa barabara, kwa kuwa soda ikiingia ndani huiua asidi ambayo betri inaihitaji. Macho na mikono hukingwa. Mchanganyiko hutoa povu, ambalo ni kaboni dayoksaidi inayotoka asidi inapopoozwa. Povu likikoma, asidi ya juu imekwisha, na mahali hapo husuuzwa kwa maji na kukaushwa. Magadi ya Ziwa Natron au Ziwa Magadi, yale yanayotiwa kwenye maharage yaive upesi, ni alkali pia na hufanya kazi hiyohiyo. Maji ya moto peke yake huyeyusha ganda lakini hayapoozi asidi. Soda ya kunywa ya aina ya kola, inayomwagwa vituoni kwa imani kubwa, ni asidi yenyewe, ina asidi ya fosforasi. Hula sehemu ya ganda na kuacha sukari inayonata na kukusanya vumbi.

Baada ya kuoshwa, kichwa na ndani ya teminali husuguliwa kwa brashi ya waya au msasa laini hadi risasi ionyeshe rangi yake ya kijivu kinachong'aa, kisha kusugua husimamishwa hapo. Risasi ni laini. Kichwa kinachokwanguliwa kwa kisu kila mwezi hukonda, teminali hufika mwisho wa kukaza bila kubana, na hapo ndipo msumari huonekana: umepigiliwa kati ya kichwa na teminali ili kuziba pengo. Msumari hugusa kwa mstari mwembamba tu, ni chuma kati ya risasi na brasi, na hushika kutu kabla ya vyote viwili. Teminali mpya, au kikombe cha risasi kinachovikwa juu ya kichwa kilichokonda, hugharimu kidogo kuliko stata inayofunguliwa bure.

Bolti za eathi husafishwa kwa ukali zaidi, maana pale ni chuma na chuma. Bolti hutolewa kabisa. Kulegeza na kukaza tena hakutoshi. Pete ya waya husuguliwa pande zote mbili, rangi na kutu huondolewa kwenye bodi katika duara lenye upana wa pete, vumbi hufutwa, na bolti hukazwa vizuri. Waya mnene unaounganisha injini na bodi hukaguliwa wote, kwani injini hukaa juu ya raba zisizopitisha umeme na haina njia nyingine ya uhakika ya kurudishia mkondo wa stata. Waya huo ukidhoofika, mkondo hujitafutia kebo ya mafuta au ya klachi, na kebo iliyoungua bila sababu inayojulikana mara nyingi ni shahidi wa eathi mbovu.

Soketi ndogo hutaka tabia tofauti kabisa. Kijino cha kufungia hubonyezwa kwa kidole, kwa sababu plastiki iliyokaa miaka mingi karibu na injini huvunjika kama biskuti ikibenuliwa kwa bisibisi. Hushikwa mwili wa soketi, si nyaya. Kabla ya kugusa chochote hutazamwa: kuna maji? Kijani? Unga mweusi? Kuna pini iliyopinda, au iliyorudi nyuma kiasi kwamba inaonekana imo lakini haimfikii mwenzake? Raba ya kuzuia maji ipo, au ilitupwa na aliyefungua mara ya mwisho? Mara nyingi jibu huonekana katika kutazama huku, kabla dawa haijapulizwa.

Dawa inayofaa ni ya kopo ya kusafishia migusano ya umeme, inayoyeyusha mafuta, ikakauka yenyewe bila kuacha kitu. Alkoholi ya isopropili hufanya kazi karibu na hiyo. Hupulizwa, hupitishwa mswaki laini, hupulizwa tena, kisha soketi huachwa wazi hadi ikauke. Petroli haifai: huacha mabaki, na mvuke wake hutafuta cheche. Dawa ya kusafishia breki huweza kupasua aina fulani za plastiki. WD-40, ambayo kopo lake limo karibu kila gereji, ilibuniwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Hufaa kwa soketi iliyolowa leo, ila huacha utando wa mafuta, kwa hiyo husafishwa baadaye kwa dawa inayokauka.

Msasa haugusi pini hizi. Pini za kawaida zimepakwa madini ya bati kwa unene wa mikroni chache. Zile za sensa muhimu na za mifuko ya hewa huweza kupakwa dhahabu ambayo mara nyingi haifiki mikroni moja. Msasa huimaliza ngozi hiyo kwa mpapaso mmoja. Pini hung'aa kwa rangi ya shaba, mteja hufurahi, na baada ya majira moja ya mvua kijani hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo kwa sababu kinga imeondolewa. Katika soketi ndogo kusafisha ni kuondoa kilichoongezeka bila kupunguza kilichowekwa. Mkwanguo wa kufaa hutolewa na pini zenyewe: soketi ikiwa na dawa huchomekwa na kuchomolewa mara kadhaa, nazo husuguana pale hasa zinapogusana.

Kisha hukaguliwa mbano. Pini dume ya akiba, ya ukubwa uleule, huingizwa peke yake katika kila pini jike. Ikiingia kwa kukwaruza kidogo na kushikwa, vizuri. Ikianguka, jike limepanuka. Mara nyingi lilipanuliwa na fundi aliyetangulia, aliyechokoa kwa ncha nene ya testa akitafuta umeme. Jike la namna hiyo huweza kukazwa kwa sindano au kubadilishwa, lakini dawa ya kopo haitalisaidia.

Migusano inayofunga na kufungua, kama ya swichi na rilei, ina adui wa ziada: kila inapoachana, mkondo hujaribu kuendelea kupitia hewa, cheche huruka, na metali huchimbika. Katika Peugeot 504 na Land Rover za zamani, kontakti za distributa zilifanya tendo hilo maelfu ya mara kwa dakika. Fundi wa enzi hizo alizipapasa kwa tupa laini, akazifuta kwa karatasi safi, akarudisha mwanya wa karibu milimita 0.4. Alijua pia kusoma: upande mmoja ukichimbika sana na mwingine ukiota kilima, kondensa imechoka, na kupapasa kontakti bila kubadili kondensa ni kufuta dalili tu. Rilei za leo zimefungwa na mara nyingi hubadilishwa nzima. Kinachosafishwa ni miguu yake na matundu inamokaa, pamoja na ya fyuzi.

Uso uliosafishwa huanza kuchafuka saa ileile, kwa hiyo kazi huishia kwenye kinga. Vichwa vya betri, baada ya kukazwa, hupakwa mafuta ya mgando au grisi yake maalumu kwa nje, hewa na mvuke visipite. Raba za soketi hupakwa grisi ya silikoni kwa wembamba, kwa kuwa mafuta ya mgando huvimbisha baadhi ya raba. Grisi ya silikoni haipitishi umeme. Haizuii mgusano, kwa sababu mbano wa pini huisukuma kando penye vilele. Hukaa mabondeni, inazuia maji. Mgusano mchafu uliofunikwa kwa grisi umehifadhiwa pamoja na uchafu wake.

Kuna mahali kusafisha kunakoma. Waya ukichunwa kidogo karibu na pini ukakutwa mweusi au wa kijani ndani ya plastiki, maji ya chumvi yamepanda katikati ya nyuzi. Hukatwa hadi ipatikane shaba inayong'aa, na kipande kipya huungwa. Soketi iliyoyeyuka hubadilishwa. Soketi za njano ni za mifuko ya hewa: haziguswi kwa mita, na hazifunguliwi kabla betri haijatolewa na muda ulioandikwa na mtengenezaji haujapita. Nyaya za rangi ya machungwa katika magari ya haibridi hubeba volti za kuua. Betri kubwa ya Toyota Prius ya toleo la pili ina volti 201.6. Hizo ni za fundi aliyefunzwa na mwenye glavu zake.

Kinachobaki ni suala la malipo, nalo ndilo linaloamua kama kazi hii itafanywa. Aliyebadilisha stata huonyesha stata ya zamani iliyochakaa na risiti ya mpya. Aliyesafisha bolti ya eathi hana cha kuonyesha; mteja huona kipande cha msasa kilichotumika na kuuliza pesa ni za nini. Biashara hulipa kifaa, na fundi mwenye familia hujifunza upesi kwamba uchunguzi wa makini humpunguzia kipato. Hivyo vifaa vizima hutupwa, vipya hununuliwa, na makutano machafu hubaki yalipo yakisubiri kifaa kinachofuata. Njia ya kutoka hapo ni mita ileile iliyotangulia kazi. Volti zinazopotea huandikwa kwenye karatasi kabla ya kusafisha na baada yake, mwenye gari akitazama: 1.8 kabla, 0.1 baada. Kwa tarakimu hizo mbili kazi hupata ushahidi wake, na fundi hupata cha kudai malipo.